Msafishaji wa Madirisha na Siku ya Mvua

Mazungumzo kwa viongozi wa walei na wanaparokia



Tumeombwa kuzungumza nanyi juu ya haki ya mfanyakazi. Jambo hili ni pana kama bahari, na mara nyingi tukilizungumza tunamaliza saa nzima kwa maneno mazuri yasiyomgusa mtu yeyote. Kwa sababu hiyo tumechagua kazi moja tu, nayo ni ya wale wanaosafisha madirisha ya majumba marefu mjini Nairobi. Na juu ya kazi hiyo tumechagua swali moja: je, yafaa mtu apandishwe ukutani kusafisha vioo wakati hali ya hewa ni mbaya?

Huenda wengine wenu wakaliona kuwa ni swali dogo, tena la watu wachache. Tunawasihi mtuvumilie. Kila mmoja wetu huingia ofisini, hospitalini au benki, akapita karibu na kioo kinachong'aa, asiulize nani alikisafisha, wala siku hiyo upepo ulikuwaje.

1. KAZI YENYEWE

Jumba la Mikutano la Kimataifa la Kenyatta lilipokamilika mwaka 1973, lilikuwa na ghorofa 28, na kwa miaka mingi lilitawala anga la mji. Leo mtu akisimama Upper Hill au Westlands ataona majumba marefu kuliko hilo, na mengi yao yana kuta za kioo kuanzia chini hadi juu. Kioo hakipakwi rangi, bali huoshwa. Vumbi la barabara, moshi wa magari na matone ya mvua yaliyokauka huacha alama, na mwenye jumba hutaka alama hizo ziondolewe mara kwa mara.

Kazi hiyo hufanywa kwa njia tatu. Ya kwanza ni ngazi, kwa madirisha ya ghorofa za chini. Ya pili ni jukwaa linaloning'inia kwa nyaya kutoka kwenye paa, ambalo hupandishwa na kushushwa kwa mashine. Ya tatu ni kamba: mfanyakazi hujifunga mkanda wa mwili mzima, akaketi juu ya ubao mdogo, akajishusha polepole huku ndoo ikimning'inia ubavuni. Desturi njema ya kazi hii ya kamba ni kutumia kamba mbili, moja ya kubeba uzito wake na nyingine ya kumshika endapo ya kwanza itashindwa, kila moja ikifungwa mahali pake juu ya paa. Desturi njema pia hudai kwamba wawepo watu walio tayari kumshusha upesi akikwama, kwa maana mtu aliyezimia akiwa ananing'inia katika mkanda anaweza kufa hata kama hakuanguka.

2. HALI MBAYA YA HEWA NI IPI?

Hapa yatupasa tuwe waangalifu, tusiseme kwa jumla tu. Si kila wingu ni hatari. Wazee walisema, dalili ya mvua ni mawingu. Lakini hawakusema kwamba kila wingu lipitalo ni sababu ya kufunga kazi. Kibarua anayelipwa kwa siku hapati faida yoyote kwa hofu isiyo na msingi. Basi tuyatazame mambo haya moja baada ya jingine.

Kwanza, upepo. Huyu ndiye adui mkubwa, naye haonekani. Aliye chini barabarani huenda asihisi kitu, kumbe aliye ghorofa ya ishirini anasukumwa huku na huku, kwa sababu upepo huongezeka kadiri tunavyopanda juu, na hupata kasi zaidi unapozunguka pembe za jumba. Tena mwendo wa upepo ukizidi mara mbili, nguvu yake ya kusukuma huzidi mara nne. Ndiyo maana sheria za Marekani haziruhusu majukwaa ya kudumu ya majumba kutumiwa upepo unapozidi takriban kilomita 40 kwa saa, isipokuwa kulirudisha jukwaa mahali pake pa kuhifadhiwa. Kwa wale wa kamba, sheria hizo hukataza kazi kabisa wakati wa dhoruba au upepo mkali wa ghafla.

Pili, mvua. Mvua nyepesi isiyo na upepo, kwa mtu anayesafisha dirisha akiwa amesimama chini, si hatari kubwa, wala haiharibu kazi kama wengi wanavyodhani. Lakini mvua hiyo hiyo hufanya vidato vya ngazi viteleze, hulowesha ukingo wa paa, na hupunguza nguvu za kamba za nailoni. Mvua kubwa humziba mtu macho na masikio, hata asisikie mwenzake akimwita kutoka juu.

Tatu, radi. Hapa hakuna mjadala. Mtu aliye juu ya paa, au aliyekaa ndani ya jukwaa la chuma, yuko mahali pabaya kuliko pote. Kanuni yake ni rahisi, na hata mtoto wa shule aweza kuishika: ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo. Zikiwa 30 au pungufu, radi iko umbali wa kilomita kama 10 au karibu zaidi, na kila mtu ateremke. Kazi isianze tena mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Nne, jua kali na baridi. Mambo haya husahauliwa. Kioo hurudisha joto la jua usoni na kifuani pa mfanyakazi, naye hawezi kwenda kivulini wala kunywa maji kila atakapo. Na katika asubuhi za Julai, baridi ya Nairobi hufisha ganzi vidole vilivyolowa, na vidole hivyo ndivyo vinavyofunga na kufungua vifaa vinavyomshikilia.

Tuongeze neno moja. Hali njema ya hewa peke yake haimwokoi mtu. Mnamo Desemba 2007, mjini New York, jukwaa la wasafishaji wawili, ndugu wa tumbo moja, liliporomoka kutoka juu ya jumba la ghorofa 47. Mmoja alikufa, wa pili alinusurika kwa namna iliyowashangaza madaktari. Hawakuangushwa na dhoruba, bali na vifaa vilivyoshindwa. Basi anayetaka kuwa na haki asitazame mawingu peke yake. Atazame na nyaya.

3. KWA NINI WATU HUPANDA HATA HIVYO

Ndugu zetu, hakuna mtu anayependa kuning'inia katika upepo. Ikiwa watu hupanda, iko sababu, na sababu hiyo mara nyingi haitoki kwa mtu mmoja mwovu. Tuchukue mfano, ambao si wa mtu fulani tunayemjua, bali wa hali inayojulikana na wengi.

Mwenye jumba amempa kazi mkandarasi wa usafi. Katika mkataba wao imeandikwa siku ya kumaliza, na faini kwa kila siku itakayozidi. Mkandarasi naye, ili apate kazi hiyo, alitaja bei ya chini kuliko wenzake, hata hakubakiwa na chochote cha kulipia siku za kungoja. Msimamizi wake ameambiwa kwamba upande wa mashariki lazima umalizike Ijumaa. Na kijana aliye kwenye kamba analipwa kwa siku: akifanya kazi analipwa, asipofanya harudi na kitu nyumbani. Kodi ya nyumba haingoji masika yaishe.

Asubuhi mawingu yanakusanyika. Hakuna anayemwambia kijana apande. Msimamizi anauliza tu, "Leo mtafanya?" Naye anajibu, "Tutafanya." Baadaye jambo likiharibika, kila mmoja anasema kweli yake. Mwenye jumba atasema hakumwajiri kijana. Mkandarasi atasema hakumlazimisha. Msimamizi atasema kijana alikubali mwenyewe. Na kijana hatakuwepo kusema lolote.

Hapo tunaona kwamba swali letu la mwanzo lina swali jingine ndani yake. Tunapouliza kama msafishaji afanye kazi katika hali mbaya ya hewa, kwa kweli tunauliza: ni nani atakayelipia siku ya mvua? Ikiwa hasara yote imewekwa juu ya yule aliye maskini kuliko wote, basi hiari yake ni ya jina tu. Hatuwezi kumwambia mtu kwamba yuko huru kukataa, hali kukataa kwake ni watoto kulala njaa.

4. SHERIA YASEMAJE

Wako wanaodhani kwamba mambo haya yameachwa kwa huruma ya mwajiri. Sivyo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, katika kifungu cha 14, yasema kwamba mfanyakazi aliye na sababu ya kuamini kuwa mahali pa kazi pana hatari kubwa iliyo karibu amjulishe msimamizi wake. Na hatari hiyo ikiendelea, asitakiwe kurudi hapo mpaka irekebishwe. Tena aliyeondoka mahali pa hatari kwa sababu ya haki asifukuzwe kazi, asibaguliwe, wala asiadhibiwe kwa ajili hiyo. Ndugu zetu, ni wangapi katika parokia zetu wanaojua kwamba maneno kama hayo yamo katika sheria ya nchi?

Sheria hiyo hiyo hutaka mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama na afya, yenye wajumbe wa upande wa wafanyakazi. Sheria ya Ajira, nayo ya mwaka 2007, yasema katika kifungu cha 37 kwamba kibarua aliyefanya kazi siku mfululizo zisizopungua mwezi mmoja asihesabiwe tena kuwa kibarua wa siku. Na Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, humpa aliyeumia kazini haki ya fidia bila kumdai athibitishe kwamba mwajiri alizembea. Aliyepata ulemavu kamili wa kudumu hustahili mapato ya miezi 96. Lakini madai hayana budi kupelekwa ndani ya miezi 12 tangu ajali, au tangu kifo. Familia nyingi huomboleza, huzika, hurudi shambani, na muda hupita.

Jambo hili halikuanza kwetu. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1981, umemlinda mfanyakazi anayejiondoa katika hatari kubwa, na mwaka 2022 shirika hilo liliweka mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi, ambazo nchi zote wanachama hupaswa kuziheshimu hata kama hazijaidhinisha mikataba inayohusika. Nchini Uingereza, kanuni za mwaka 2005 kuhusu kazi za juu zamwagiza mwajiri waziwazi ahakikishe kwamba kazi hiyo hufanywa tu wakati hali ya hewa haihatarishi usalama wa watu. Angalieni ni nani aliyeagizwa: ni mwajiri, wala si kijana aliye kwenye kamba.

5. NENO LA MUNGU NA MAFUNDISHO YA KANISA

Katika Kumbukumbu la Torati, sura ya 22, aya ya 8, ajengaye nyumba mpya aliamriwa kuweka ukingo kuzunguka dari lake, ili nyumba yake isiwe na hatia ya damu mtu akianguka kutoka huko. Amri hii ni ya kale sana, lakini yafaa tuisikilize kana kwamba imetolewa leo. Haikumwambia mpita darini awe mwangalifu. Ilimwambia mwenye nyumba ajenge ukingo, tena kabla mtu yeyote hajaanguka.

Wako Wakristo wanaosema, "Mungu atatulinda, tupande tu." Tunaiheshimu imani yao, lakini tunawakumbusha kwamba Bwana wetu mwenyewe alipowekwa juu ya kinara cha hekalu, akaambiwa ajitupe chini kwa kuwa malaika watamchukua, alikataa, kwa sababu hiyo ni kumjaribu Mungu. Kumwamini Mungu si kudharau upepo aliouumba.

Tena tuukumbuke mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu. Walioajiriwa saa ya mwisho hawakuwa wavivu. Walikaa sokoni mchana kutwa kwa kuwa hawakupata wa kuwaajiri. Mwenye shamba aliwapa ujira wa siku nzima. Aliyezuiwa na mvua hana kosa zaidi kuliko wale waliokosa mwajiri.

Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika barua yake ya mwaka 1981 juu ya kazi ya mwanadamu, alifundisha kwamba mtu ni mkuu kuliko vyombo vya kazi na mali. Alifundisha pia kwamba yuko mwajiri wa moja kwa moja, na yuko mwajiri asiye wa moja kwa moja, yaani wale wote ambao maagizo, sheria na mikataba yao huamua jinsi mfanyakazi atakavyotendewa. Kwa fundisho hilo, mwenye jumba hawezi kunawa mikono kwa kusema kwamba kijana ni wa mkandarasi.

6. JIBU LETU

Basi, je, wasafishaji wa madirisha wafanye kazi katika hali mbaya ya hewa? Jibu letu ni hili. Katika radi, katika upepo mkali na katika mvua kubwa, mtu asipande, wala asiruhusiwe kupanda hata akiomba mwenyewe. Katika hali ya wastani, uamuzi uwe na kipimo kilichowekwa mapema na kuandikwa, wala usiachwe kwa ujasiri wa mtu au haraka ya msimamizi. Na yule aliye kwenye kamba awe na mamlaka ya kusema "tunasimama", bila kuulizwa mara mbili, na bila kupoteza ujira wa siku ile.

Tunajua mkandarasi mdogo atauliza: "Fedha hizo zitoke wapi?" Ni swali la haki, naye hapaswi kubebeshwa peke yake. Jibu limo katika mkataba. Kila mtu ajua kwamba kwetu mvua ndefu huja kati ya Machi na Mei, na mvua fupi kati ya Oktoba na Desemba. Kinachojulikana mwaka hadi mwaka si ajali. Ni gharama, na gharama huandikwa katika bei. Mwenye jumba aliyeweza kujenga kwa kioo ameweza pia kulipia siku chache za kungoja. Zaidi ya hayo, ziko kazi za siku ya mvua: kusafisha vioo kwa ndani, kukagua kamba na mikanda, kufundisha wapya. Na kwa kuwa mvua za Nairobi mara nyingi hunyesha alasiri na usiku, kazi za juu zaweza kupangwa asubuhi.

7. TUANZIE NYUMBANI

Ndugu wapendwa, kabla hatujawanyoshea wengine kidole, tukumbuke kwamba parokia nazo ni waajiri. Tuna madirisha marefu ya makanisa, minara ya kengele, shule na zahanati. Sikukuu ya msimamizi wa parokia inapokaribia, huitwa vijana wapake rangi na kusafisha vioo kwa haraka, mara nyingine kwa ngazi ya kuazima. Tunapendekeza hatua hizi:

(a) Halmashauri ya parokia isimpe mtu kazi ya juu bila mapatano ya maandishi yanayosema kwamba siku za hali mbaya ya hewa hazihesabiwi kuwa kuchelewa, na kwamba kibarua atalipwa siku hizo.

(b) Kabla ya kazi kuanza, mkandarasi aonyeshe bima ya majeraha kazini. Asiye nayo asipewe kazi.

(c) Kila asubuhi msimamizi asikilize utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa, na akague kamba, ngazi na mahali pa kufungia pamoja na wale watakaozitumia. Ngazi iegemezwe vizuri: kwa kila mita nne za kwenda juu, mguu wake uwe mita moja mbali na ukuta.

(d) Wanataaluma wa parokia, hasa mawakili na wahandisi, wasaidie familia zilizopata ajali kupeleka madai yao kwa Kurugenzi ya Usalama na Afya Kazini kabla ya miezi 12 kwisha.

(e) Waumini walio na vyeo katika makampuni na wenye majumba waipitie mikataba yao ya usafi, na waifute faini inayomsukuma mtu kupanda katika upepo.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, walisema wahenga. Sisi Wakristo hatuna budi kukataa hata hiyo sehemu ya kwanza ya methali.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA JUMUIYA

1. Je, katika jumuiya yetu wako watu wanaofanya kazi za juu: wasafishaji, wapaka rangi, mafundi wa paa au wa nguzo za umeme? Tumewahi kuwauliza siku ya mvua wanalipwaje?

2. Mara ya mwisho parokia yetu ilipomwajiri mtu apande juu, ni nani aliyeamua kama hali ya hewa inafaa?

3. Je, iko familia miongoni mwetu iliyopoteza mtu kazini na haijapeleka madai? Nani atakwenda kuitembelea wiki hii?

Mungu awabariki, naye azilinde kazi za mikono yenu. Amina.